Pete tano za bibi: namna ya kusoma chapa na rangi zake

SWALI

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: "Marehemu bibi ametuachia pete tano, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwagawia wadogo zangu. Ya kwanza ni ya manjano iliyokolea, nzito, ndani imeandikwa 916. Ya pili ina wekundu, imeandikwa 375 na pembeni kuna kialama kama nanga. Ya tatu ni nyeupe, imeandikwa 14KP, lakini upande wa kiganjani imeanza kuingia umanjano. Ya nne ni ya fedha yenye jiwe jekundu la akiki, haina maandishi yoyote. Ya tano ndiyo inayong'aa kuliko zote, imeandikwa 18K HGE, na nikiivaa kutwa nzima kidole kinakuwa kijani. Sonara mmoja kaziangalia akasema dhahabu ni ya kwanza na ya tano tu. Nyeupe ni ya kuchovya kwa sababu ya hiyo P, nyekundu ni shaba, na ya akiki ni bati. Nimwamini?"

JIBU

Pole kwa msiba, dada. Usimpe mtu pete yoyote kwanza, wala usiuze hata moja. Kwa maelezo uliyotoa, sonara huyo amepatia pete moja, ile ya 916. Ya tano, kwa chapa yake yenyewe, ni ya kuchovya, na zile tatu alizozitupa zina dalili nzuri za kuwa za kweli. Ametazama rangi akatoa hukumu, na kwenye pete rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazowachanganya wengi. Dhahabu tupu ni laini mno kwa pete ya kuvaa kila siku, inapinda na kulika. Kwa hiyo huchanganywa na fedha, shaba, zinki au metali nyingine. Karati inaeleza ni sehemu ngapi kati ya 24 ambazo ni dhahabu. Namba ya tarakimu tatu inaeleza jambo lile lile, ila kwa elfu. Basi 916 ni karati 22, 875 ni karati 21 inayopendwa sana nchi za Ghuba, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 417 ni karati 10 na 375 ni karati 9. Fedha ya kawaida ya vito ni 925, na ya zamani ya Ulaya mara nyingi ni 800. Platinamu huandikwa 950 pamoja na Pt.

Ukitaka kujua pete ina dhahabu safi kiasi gani, zidisha uzito wake kwa namba hiyo, kisha gawa kwa 1000. Pete ya gramu 6 yenye 916 ina gramu 5.5 hivi za dhahabu safi. Ya uzito huo huo yenye 375 ina gramu 2.25. Hiyo ndiyo tofauti utakayoitumia wakati wa kugawa.

Na si kila namba iliyo ndani ya pete ni ya dhahabu. Ukiona 54 au 7 peke yake, huenda ni saizi ya kidole. Ukiona 0.25, au "ct" pembeni ya namba ya desimali kama hiyo, hiyo ni karati ya jiwe, ambayo ni kipimo cha uzito: karati moja ya jiwe ni gramu 0.2. Herufi CZ maana yake jiwe ni zirkonia ya kutengenezwa kiwandani, si almasi.

Sasa pete zenyewe. Ya 916 haina makuu: ni karati 22, ya asili ya India au Ghuba kwa uwezekano mkubwa, na manjano yake yaliyokolea yanalingana na namba. Kama ingekuwa mpya ya kutoka India ungekuta alama tatu: nembo ya pembetatu ya BIS, yaani shirika la viwango la India, maandishi 22K916, na msimbo wa herufi na namba, jumla sita, unaoitwa HUID, ambao huingizwa kwenye programu ya simu ya BIS Care na kukuonyesha taarifa za kipande hicho. Utaratibu huo wa msimbo ulianza mwaka 2021, kwa hiyo pete ya bibi kutokuwa nayo si kasoro.

Ya pili ndiyo inayonisikitisha kusikia imeitwa shaba. Wekundu katika dhahabu unatokana na shaba iliyochanganywa, kweli, lakini haumaanishi kwamba pete ni shaba. Karati 9 ina sehemu 375 za dhahabu kwa elfu, na zinazobaki ni shaba, fedha na zinki kidogo. Shaba ikizidi, pete inakuwa ya waridi. Nanga ni alama ya ofisi ya upimaji ya Birmingham, Uingereza. London wanatumia kichwa cha chui, Edinburgh ngome, na Sheffield waridi. Ofisi hizo hupima metali kwanza ndipo hugonga chapa, kwa hiyo nanga hiyo ni ushahidi wa mtu wa tatu, si maneno ya muuzaji. Chukua lenzi inayokuza mara kumi, uoshe ndani ya pete kwa sabuni na mswaki laini, kisha utafute alama nyingine mbili: herufi mbili au tatu za mtengenezaji, na herufi moja peke yake ambayo ni ya mwaka. Kama 375 imo ndani ya fremu ya pembe nane iliyorefuka, hiyo ndiyo fremu wanayoitumia kwa dhahabu. Ya fedha ni ya duara refu. Kama imeandikwa 9 kisha .375 yenye nukta mbele, basi ni pete ya kabla ya mwaka 1975, walipobadilisha mtindo wa chapa.

Kuna pete nyekundu za namna nyingine zinazozunguka Afrika Mashariki, zenye 583 na nyota ndogo ndani yake nyundo na mundu. Ni za Kisovieti, karati 14, na wengi waliosoma Moscow na Kiev walirudi nazo. Nazo huitwa shaba kila siku na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Ya tatu inahitaji maelezo marefu zaidi, maana hapo makosa ni mawili.

La kwanza ni hiyo P. Ukiiona 14KP, usidhani P ni ya kuchovya. Kwenye chapa za Marekani inatokana na neno plumb, lenye maana ya kamili, barabara. Zamani sheria yao ilimruhusu mtengenezaji kupungukiwa hadi karati nzima akisingizia lehemu. Waliotaka kuonyesha kwamba 14 yao ni 14 kweli waliongeza P. Sheria ilikazwa kwa marekebisho ya mwaka 1976, lakini herufi imebaki. Pembeni ya 14KP tafuta alama ya mtengenezaji, yaani herufi au kinembo, kwa sababu sheria ya Marekani inamtaka aliyegonga karati aweke na alama yake. Karati bila alama hiyo, kwa pete inayodaiwa kuwa ya Marekani, ni sababu ya kupima kwa makini zaidi.

La pili ni umanjano. Hakuna dhahabu nyeupe kwa asili. Dhahabu nyeupe ni dhahabu ya manjano iliyopaushwa kwa kuchanganywa na nikeli au paladi, na baada ya kupaushwa bado hubaki na umanjano hafifu, kama rangi ya maziwa yaliyokaa. Ndipo hupakwa juu rodi, metali nyeupe inayong'aa, kwa tabaka ambalo kwa kawaida halifiki mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka hilo hulika mahali panaposuguana, na upande wa kiganjani ndio unaoshika usukani, sufuria na kamba ya ndoo. Kwa hiyo pete yako haijageuka, imevuliwa koti. Ikiwa chini ya weupe pametokea rangi ya maziwa au manjano mepesi, hiyo ni tabia ya dhahabu nyeupe. Ingetokea nyekundu kali kama waya wa umeme ulioparuliwa, hapo ungekuwa na haki ya kushuku.

Jambo moja la afya: kama mdogo wako atakayeichukua huwa anawashwa na vifungo vya suruali au hereni za bei rahisi, nikeli ndiyo humsumbua, na dhahabu nyeupe ya zamani mara nyingi ina nikeli. Rodi ikiisha ataanza kuwashwa. Mpe nyingine.

Ya nne haina chapa, na hilo halinishangazi. Pete nyingi za fedha zilizotengenezwa na masonara wa Oman, Zanzibar na mwambao wetu hazikugongwa chochote. Fedha yao ilitoka sana kwenye reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, zile zenye mwaka 1780 hata kama zilipigwa baadaye, ambazo ziliyeyushwa na kufuliwa upya. Reale hiyo ina fedha sehemu 833 kwa elfu, chini ya 925, kwa hiyo hugeuka nyeusi haraka kidogo. Weusi huo ni dalili njema: fedha hukutana na salfa ya hewani, ya jasho, hata ya mayai na vitunguu, na kufanya utando mweusi. Bati halifanyi hivyo. Na fedha yenye akiki ni pete ya heshima kwa wanaume wa Kiislamu, ambao hawavai dhahabu. Angalia saizi yake, huenda ilikuwa ya babu.

Akiki yenyewe hupata wekundu kutokana na chuma kilichomo ndani ya jiwe, na mara nyingi huchomwa moto ili ukolee. Ishike mbele ya taa: akiki ya kweli huonyesha mawingu na mistari, wekundu haulingani kila mahali. Kioo huwa chekundu sawasawa, pengine na viputo vya duara ndani.

Ya tano sasa. HGE ni kifupi cha dhahabu iliyopakwa kwa umeme kwa tabaka nene kuliko kawaida. Hiyo 18K inahusu tabaka la juu peke yake. Ndani yake kwa kawaida ni shaba ya manjano. GP na GEP ni kuchovya kwa kawaida, RGP ni bamba jembamba lililogandishwa juu. GF ni bora kidogo: 1/20 14K GF maana yake sehemu moja ya ishirini ya uzito ni dhahabu ya karati 14. Fanya hesabu uone: pete ya gramu 5 ya namna hiyo ina dhahabu safi isiyofika gramu 0.15. Na pete ya manjano yenye 925 ni fedha iliyochovywa dhahabu.

Lakini ule ukijani wa kidole usiutegemee kama hukumu. Ni shaba inayokutana na jasho, haidhuru, na pete halali ya karati 9 nayo inaweza kukuachia alama hafifu siku ya joto. Tazama badala yake kingo za pete ya tano kwa lenzi, hasa upande wa chini, ambako tabaka huanza kumomonyoka. Ukiona rangi mbili zinazopakana, umemaliza.

Chapa, hata hivyo, yeyote mwenye nyundo anaweza kuigonga. Ndiyo maana nakushauri upime kwa maji kabla ya kwenda kwa sonara mwingine. Unahitaji mzani mdogo wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01, glasi nyepesi, uzi mwembamba na tone la sabuni ya maji.

Pima pete ikiwa kavu, andika uzito. Weka glasi yenye maji nusu juu ya mzani, tia lile tone la sabuni ili viputo visigande kwenye pete, kisha rudisha mzani kwenye sifuri. Funga pete kwa uzi na uizamishe yote majini ikining'inia, isiguse chini wala ubavuni. Tikisa kidogo viputo vitoke. Namba itakayosomeka ni ujazo wa pete. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo.

Tuseme pete ya kwanza ina gramu 6.02 na majini mzani umesoma 0.34. Jibu ni 17.7, na hapo ndipo karati 22 inapokaa. Karati 18 ya manjano iko karibu na 15.5, karati 14 kati ya 12.5 na 14, karati 9 karibu na 11, fedha ya 925 karibu na 10.4, na shaba ya manjano karibu na 8.5. Pete ya tano ikiwa na gramu 4.10, tegemea mzani usome karibu 0.48 majini. Ingekuwa karati 18 kweli, ungesoma 0.26 tu. Tofauti kama hiyo haihitaji utaalamu.

Kipimo hiki kina mitego yake. Pete ikigusa chini ya glasi, mzani unasoma uzito wake na jibu linaharibika. Hilo ndilo kosa la wengi. Kiputo kimoja kilichonasa ndani ya nakshi kinaifanya pete ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Kwenye pete ndogo, kosa la 0.01 linahamisha jibu sana, kwa hiyo rudia mara tano uchukue wastani. Pete yenye jiwe haipimiki hivi kabisa, kwa sababu jiwe ni jepesi kuliko metali; ya akiki iache. Halafu karati 9 na fedha ziko jirani mno, hivyo fedha iliyochovywa dhahabu inaweza kupita kama karati 9. Hapo ndipo nanga ya Birmingham inapokusaidia. Na zile pete za kisasa za tangsteni huangukia karibu na 15 kama karati 18, ila utazitambua: ni ngumu kiasi cha kukwaruza kioo, na hakuna sonara anayeweza kuzipanua.

Sumaku inasaidia kukataa tu, haisaidii kukubali. Pete ikinaswa kwa nguvu, ndani kuna chuma. Isiponaswa hujajua kitu, maana shaba nayo hainaswi.

Ukifika kwa sonara wa pili, mwombe asugue pete kwenye jiwe jeusi la kupimia na kuweka asidi juu ya ule mstari, mbele yako. Kwa pete ya kuchovya asugue mara mbili mahali pale pale, kwa sababu msuguo wa kwanza huchukua tabaka la juu tu. Asidi hiyo usiilete nyumbani. Inaunguza ngozi na mvuke wake unaumiza kifua. Mashine ya miale inayosoma metali kwa sekunde chache ni nzuri, nayo pia inasoma karibu na uso wa pete, hivyo mwombe apime kwenye kingo zilizolika na ndani ya pete, si juu peke yake.

Usafishaji: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa mtoto, dakika tano. Dawa ya meno inakwaruza. Jiki ni adui wa dhahabu nyeupe hasa, kwa sababu klorini hula mchanganyiko wake na kupasua zile kucha zinazoshika jiwe. Siku moja jiwe linadondoka bila kubisha hodi. Pete ya akiki usiiloweke, maana huenda nyuma ya jiwe kuna gundi au lami, na usiitie kwenye maji moto yenye soda na karatasi ya alumini, njia ambayo kwa fedha tupu ni nzuri. Itafuta ule weusi wa ndani ya nakshi aliouacha fundi makusudi ili maua yaonekane. Ifute kwa kitambaa cha pamba mgongoni na kwenye bega, basi.

Na kama yupo nyumbani anayechenjua dhahabu kwa zebaki, pete zikae mbali naye. Zebaki ikigusa dhahabu inaingia ndani na kuacha doa jeupe la kijivu, na watu huchukua doa hilo kama uthibitisho kwamba pete ilikuwa bandia. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki pia. Ile inayoandikwa kwenye kopo kwamba isiguse vito, iogope kwa ajili ya ngozi kwanza, pete baadaye.

Kwenye kugawa, usilinganishe pete kwa ukubwa wala mng'aro. Pima kila moja, zidisha kwa namba yake, na uandike gramu za dhahabu safi mbele ya wadogo zako wote. Ya tano iwe ya kumbukumbu, isihesabiwe kama fungu la mtu. Ya akiki thamani yake haimo kwenye gramu za fedha. Mwonyeshe mtu anayejua kazi za fedha za zamani za mwambao na Oman kabla hujampa mtu aliyepata fungu dogo ili kumfidia. Na ile nyeupe, ukishaipima, mpelekee sonara mwenye chombo cha kupaka rodi. Mwambie aing'arishe kidogo tu kabla ya kupaka, na asiguse ndani kwenye 14KP, maana chapa ikishafutwa, atakayeirithi baada yenu ataanza kubishana upya.